Mbuzi wa Miguu Mitano

Likizo moja ya Desemba mjukuu wangu, wakati huo ana miaka minne, aliketi barazani akafinyanga mbuzi wa udongo. Nilipopita na ndoo ya maji nikaona mbuzi yule ana miguu mitano. Nimefundisha chekechea miaka mingi, na mkono wa mwalimu hauna subira. Nikainama, nikachomoa mguu mmoja, nikasawazisha pale palipobaki kovu, nikamwambia, "Haya, sasa amekuwa mbuzi." Mtoto akamtazama mbuzi, akanitazama mimi, akaangua kilio. Ilichukua muda hadi maneno yakamtoka: "Bibi, ile ilikuwa kamba! Sasa atakimbia."

Kumbe ulikuwa si mguu. Ilikuwa kamba ya kumfungia mbuzi, na mimi nimeikata bila kuuliza.

Tangu siku ile nina ushauri mmoja kwa mzazi anayetaka kufanya kazi za mikono na mtoto mdogo wakati wa likizo: andaa vifaa, linda usalama, uliza maswali, kisha mikono yako ikae nyuma. Mengine yote nitakayoeleza hapa, ya unga, udongo, rangi na gundi, yanafuata baada ya hilo.

Makosa niliyoyafanya darasani

Mwisho wa muhula wazazi hupenda kuona mtoto amerudi na kitu. Kwa hiyo sisi walimu tulikuwa tunakata nyota arobaini zinazofanana, tunachora mistari, mtoto anabandika kipande kimoja cha pamba, halafu jioni tunakaa kurekebisha zilizobandikwa kombo. Wazazi walifurahi. Watoto walizipokea kama mtu anavyopokea risiti. Mmoja aliulizwa na mama yake mlangoni, "Umetengeneza wewe?" Akajibu kwa uaminifu wake wote: "Hapana, mwalimu."

Nyumbani kosa hilo huja kwa sura nyingine. Shule zimefungwa, wazazi wapo kazini, mtoto yuko na dada wa kazi na runinga ya katuni tangu asubuhi. Mzazi anaona vibaya, Jumamosi ananunua boksi la rangi na kitabu cha kupaka, anaketi na mtoto, na baada ya dakika tano ni mzazi anayepaka huku mtoto amekwenda kucheza na boksi. Usimlaumu mtoto. Boksi tupu halina mistari ya kumkosoa.

Umri na mikono

Ukijua mkono wa mtoto umefika wapi, hutamtaka afanye asichoweza wala hutamfanyia anachoweza. Watoto hutofautiana, lakini kwa kawaida wa miaka mitatu hukwaruza, huchana karatasi, hubandika, na huanza kuchora kitu kinachofanana na duara. Wa miaka minne hukata karatasi kwa mkasi mdogo wenye ncha butu, ingawa mstari unampita kushoto na kulia. Huyu ndiye anayechora mtu mwenye kichwa kikubwa na miguu inayotokea moja kwa moja kidevuni, bila tumbo. Usimwambie amesahau tumbo. Watoto wa nchi nyingi hupitia kituo hichohicho, na tumbo litakuja lenyewe. Wa miaka mitano huweza mraba, anajaribu pembetatu, na mkasi wake umeanza kutii mstari.

Muda nao ni mfupi. Dakika kumi na tano kwa wa miaka mitatu ni kazi ya kutosha; wa miaka mitano anaweza kukaa nusu saa akipenda kitu. Saa nzuri ni asubuhi baada ya chai, kabla jua halijawa kali. Tandika mkeka kuukuu uani au barazani, mvalishe fulana iliyochoka, weka ndoo ya maji na sabuni karibu. Kazi moja kwa siku inatosha.

Kisha zungumza na dada wa kazi. Jambo hili wazazi wengi hulisahau. Dada asipoambiwa kwamba rangi kwenye mkeka imeruhusiwa, atamfokea mtoto, na ana haki, maana ndiye atakayefua. Mwambie mapema: vitachafuka hivi na hivi, kusafisha kunaweza kusubiri, na mtoto mwenyewe atapewa kitambaa afute. Akiona nawe huna hasira, naye atakaa afinyange.

Kaka na dada wakubwa wana hatari yao: hunyang'anya kazi. Mpe mkubwa cheo. Yeye ndiye fundi wa kukata vigumu na mwandishi wa maneno, lakini hagusi kazi ya mdogo wake mpaka aombwe.

Na mtoto anayeshika chaki ya rangi kwa mkono wa kushoto, mwache. Kumfundisha kula na kupokea kwa mkono wa kulia ni adabu ya nyumbani kwako. Kumhamisha mkono wa kuchorea ni kumrudisha nyuma bila sababu.

Kapu la kuokota

Wiki mbili kabla ya likizo, weka kapu mahali ambapo kila mtu wa nyumbani anapita. Humo watupie maboksi ya dawa ya meno na ya sabuni, bahasha za khaki, vikopo vya mtindi vilivyooshwa, magazeti, soksi zilizobaki moja, vifuu vya nazi vilivyosuguliwa, maganda makavu ya vitunguu. Pita kwa fundi cherehani umwombe vipande vya vitenge vinavyoanguka chini ya cherehani. Kwake ni takataka, kwa mtoto ni hazina. Kama kuna msusi wa mikeka jirani, omba chane fupi za ukindu zilizobaki. Na chini ya ule mti wa maua mekundu unaochanua Desemba, ambao wengi wetu huuita mkrismasi, okota maganda marefu makavu ambayo bado yamefunga. Ukiyatikisa yanalia kama kayamba. Mtoto anaweza kuyapaka rangi, kuyafunga vitambaa, kisha akawa na ngoma yake ya sikukuu.

Kabla ya kumkabidhi kapu, lipekue. Kipimo rahisi ni lile bomba la kadibodi linalobaki karatasi ya chooni ikiisha: kitu chochote kinachopita ndani yake kinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka mitatu, na hata wa minne anayependa kutia vitu mdomoni. Kwa hiyo shanga, kokwa, vifungo na visoda havimhusu mdogo bila mtu mzima kukaa naye. Visoda kwanza vipondwe kingo kwa nyundo. Mifuko ya plastiki, hata ile iliyobaki tangu kabla ya katazo la tarehe 1 Juni 2019, iondoe: mtoto huivaa kichwani. Ule mpira tuliousokota zamani kwa mifuko hiyo, leo usokoteni kwa soksi iliyojazwa matambara. Unadunda kidogo, lakini hauvunji kioo.

Betri kuukuu za redio ziende mbali kabisa. Zamani tulizivunja tukachukua ule weusi wa ndani kupaka ubao. Una kemikali zisizofaa mkononi wala mdomoni mwa mtoto. Weusi upo bure kwenye mkaa. Rangi za mafuta nazo si za watoto. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza mwaka 1968 jijini Dar es Salaam kuchora wanyama kwa rangi za baiskeli juu ya mbao za dari, na jina lake likawa jina la mtindo mzima wa uchoraji. Mtoto aonyeshwe picha hizo, aone jinsi chui mmoja anavyojaza ubao kutoka pembe hadi pembe. Ajifunze kwamba mchoraji hakungoja vifaa vya kifahari. Lakini rangi ile tumwachie mtu mzima.

Jikoni kuna duka

Donge la kuchezea. Changanya kikombe 1 cha unga wa ngano, nusu kikombe cha chumvi, kikombe 1 cha maji, kijiko 1 kikubwa cha mafuta ya kula na kijiko 1 cha maji ya ndimu. Koroga mabonge yaishe kabla ya kubandika motoni. Moto uwe mdogo. Songa kama unavyosonga ugali mpaka donge liachane na sufuria. Likipoa, likande liwe laini. Kwenye kopo lenye mfuniko hukaa wiki moja hata zaidi. Mtoto asipike, lakini anaweza kupima vikombe na kuhesabu, na hapo umemfundisha hesabu bila daftari.

La kukausha ni jingine: vikombe 2 vya unga, kikombe 1 cha chumvi, na maji kikombe kimoja kasoro kidogo, bila kupika. Mtoto hulisukuma kama chapati nene, hukata maumbo kwa mdomo wa kikombe, wewe unatoboa tundu la uzi, kisha yanaanikwa juani siku mbili au tatu huku yakigeuzwa. Wasomaji wa Arusha na Iringa mtafurahia. Sisi wa pwani tujue kwamba chumvi huvuta unyevu: pambo lililokauka likawa kama jiwe leo, wiki ijayo linaweza kulainika. Liweke kwenye kopo kavu, au kubali kwamba ni pambo la sikukuu moja. Na kote mlipo, mtoto asile madonge haya. Kuonja kwa ulimi hakuna neno, lakini chumvi ile ni nyingi mno kwa mwili mdogo.

Gundi. Koroga vijiko 2 vikubwa vya unga wa muhogo au wa ngano kwenye kikombe 1 cha maji baridi, pika mpaka uwe uji mzito, acha upoe. Inashika karatasi na kitambaa vizuri. Baada ya siku mbili huchacha, kwa hiyo pika kidogo kidogo. Kazi zilizobandikwa kwa uji huu usizilaze sakafuni usiku, maana mende na panya nao wako likizo.

Rangi. Binzari katika maji kidogo hutoa njano kali. Choya iliyochemshwa hutoa wekundu wa zambarau. Majani ya mchicha yaliyotwangwa hutoa kijani, maganda ya vitunguu yaliyochemshwa hutoa kahawia, mkaa uliosagwa hutoa weusi. Ukitaka rangi nzito ya kupaka kwa vidole, ichanganye na ule uji wa gundi. Brashi ni kijiti cha mswaki kilichotafunwa ncha.

Kuna mchezo mmoja wa binzari ambao haujawahi kuniangusha. Mtoto apake karatasi nzima kwa maji ya binzari, iachwe ikauke. Kisha mpe kijiti na maji yaliyokorogewa sabuni ya mche, achore juu yake. Kila anapopitisha kijiti, njano inageuka nyekundu ya kutu. Anayefua nguo anaijua siri hii: doa la mchuzi wa binzari likiguswa na sabuni huwa jekundu. Mtoto haijui. Atadhani kijiti kina uchawi, na atataka karatasi nyingine tano. Mwambie tu kwamba binzari hubadilika rangi ikikutana na sabuni, kisha mwache ajaribu ndimu, chumvi na maji matupu ajionee ipi inafanya kazi. Picha hizo usizibandike palipo na jua. Binzari hupauka upesi.

Udongo. Waliokulia bara wanakumbuka ng'ombe wa udongo wa kichuguu, zizi zima limepangwa kivulini mwa mti. Mpe mtoto wako zizi hilo. Chota udongo mahali safi, mbali na choo, gereji na jalala, utoe mawe na mizizi, uponde kwa maji mpaka usipasuke ukiukunja. Kucha ziwe fupi, na mikono inawe kwa sabuni mara kazi ikiisha, kwa sababu ya minyoo. Wazee wamesema udongo uwahi ungali maji, nasi huwa tunaisema methali hii tukimaanisha malezi. Barazani maana yake ni ileile ya wafinyanzi: funika kwa kitambaa kibichi usije ukakauka kabla ya mbuzi kupata kamba yake.

Khanga ya bibi

Kama una nafasi ya kazi moja tu likizo nzima, fanya hii. Chukua karatasi kubwa ya khaki, au bahasha kubwa iliyofunguliwa. Mtandikie mtoto khanga yoyote ya nyumbani akaione kwa karibu, aishike, aitaje: huku pembeni ni pindo, katikati ni mji, na pale chini kwenye kisanduku ni jina. Halafu mwambie mnamtengenezea bibi khanga ya karatasi.

Pindo lipigwe mihuri. Bamia iliyokomaa, ambayo isingeingia mchuzini hata hivyo, ikikatwa upande huacha alama ya ua lenye pembe. Shina la jani la mgomba likikatwa huacha hilali yenye vyumba vidogo kama sega la nyuki. Kipande cha kiazi unaweza kukichonga wewe umbo analotaka. Kama nyumbani kwenu chakula hakichezewi, na mila hiyo ninaiheshimu, tumia kisoda, mdomo wa kikopo au kidole gumba. Mihuri itapandana, pindo litapinda, pembe moja itabaki tupu. Iache tupu.

Mji ni wa mtoto peke yake. Achore, abandike vitenge, ajaze au asijaze. Wewe shika kikombe cha chai kwa mikono miwili, ndiyo dawa yangu ya mikono isiyotulia.

Mwisho ni jina. Muulize, "Khanga hii inamwambia nini bibi?" Atakachosema kiandike kama alivyosema, kwa herufi kubwa, polepole, huku anaona. Usikigeuze kuwa methali. Mtoto mmoja wa darasani kwangu, ambaye bibi yake yuko kijijini, alifikiri sana kisha akasema: BIBI MSALIMIE KUKU WANGU. Katika kuandika maneno yale mtoto amejifunza jambo kubwa kuliko a, e, i, o, u: kwamba sauti yake inaweza kukaa kwenye karatasi, ikapanda basi, ikafika mahali ambapo yeye hayupo.

Krismasi na Idi

Nyumba nyingi za Dar es Salaam hupamba mti wa Krismasi kwa pamba, eti theluji. Sina ugomvi na pamba, ila mtoto ambaye hajaona theluji anabandika kitu asichokijua. Tawi la mvinje kwenye ndoo ya mchanga linaweza kubeba anavyovijua: samaki wa kadibodi, embe la donge, nyota ya vijiti vitatu vilivyofungwa uzi katikati, mnyororo wa pete za magazeti. Pete za magazeti zinafaa pia kuhesabu siku. Mtoto akichana moja kila asubuhi, hatakuuliza mara kumi sikukuu ni lini.

Idi huhamahama katika kalenda, na mara nyingine huangukia likizo. Kazi nzuri ya Idi ni kimkoba cha kutilia sikukuu, zile sarafu mtoto anazopewa akipita kwa majirani na jamaa. Bahasha ya khaki ikikunjwa, ikabandikwa vipande vya kitambaa na kutiwa mkanda wa ukindu, inatosha. Kazi nyingine ni kiganja: mtoto alaze mkono kwenye karatasi, azungushie kalamu, kisha apambe ndani maua kama ya hina. Akitaka kupambwa mkono wenyewe, tumia hina ya majani peke yake. Ile nyeusi inayokoza haraka, piko, aghalabu huwa na dawa ya kutia nywele weusi inayoweza kuunguza ngozi ya mtoto na kumwachia kovu. Mkikataa piko kwenye ngozi, mpeni kalamu nyeusi kwenye karatasi.

Maneno ya kusema na ya kumeza

"Hiki ni nini?" ni swali linaloumiza kuliko tunavyodhani. Mchoraji anajua ni nini; swali linamwambia kwamba kazi yake haijaeleweka. Sema, "Nihadithie habari za picha hii." Badala ya "safi sana" ya haraka ukitazama simu, taja unachokiona: "Umeweka mistari mirefu huku, na hapa nukta tupu." Mtoto hujua kama umetazama.

Akisema "siwezi, nichoree kuku," usimchoree. Ukimchorea kuku wako mzuri, wake hatatoka kamwe. Mpelekeni kwa kuku wa kweli mtaani. Ana miguu mingapi? Mkia umesimama au umelala? Rudini mkekani, aanze na sehemu anayoikumbuka. Kuku wake huenda akawa mdomo mkubwa na miguu tu, maana hivyo ndivyo vilivyomtisha.

Kazi zikiisha, funga kamba ukutani, zitundikwe kwa vibanio vya nguo kwa urefu wa macho ya mtoto. Kamba ikijaa, yeye achague zipi zishuke. Zinazoondoka usizichome na takataka mbele yake. Piga picha kwa simu, nyingine zipelekwe kwa jamaa. Ya kwanza na ya mwisho wa likizo zitunze, na uandike tarehe nyuma. Baada ya mwaka utaona tumbo limeota.

Mnauliza yule mbuzi aliishia wapi. Nilipoelewa kosa langu nilimwomba mjukuu msamaha, nikamletea uzi wa ukindu tumfunge upya. Akatikisa kichwa: haiwezekani, ameshakimbia. Mbuzi alikuwa palepale barazani, miguu minne, ananitazama. Lakini mwenye mbuzi alikuwa amesema. Nikaweka ndoo chini, tukazunguka nyuma ya nyumba, tukainama chini ya mwembe, tukapekua kichaka cha mchaichai, tukimwita. Tulimpata karibu na saa sita, akiwa na njaa.